Kamera Moja kwa Ngoma Mbili

Mtaani kwetu Nyasubi, hapa Kahama, wananijua kwa vitu viwili: kituo changu cha televisheni na mdomo wangu. Kituo kina vyumba vitatu nyuma ya saluni, na kabla ya taarifa ya habari lazima mtu akawaombe wale dada wazime draya, la sivyo Kahama nzima inasikiliza bei ya pamba pamoja na upepo. Mdomo wangu hauna swichi.

Wakati huo nilikuwa na hofu ya kweli. Wenye ving'amuzi hawakutaka tena kuongea na kituo kimoja kimoja, na wenye matangazo Dar es Salaam walitaka kununua mara moja tu waonekane nchi nzima. Kwa hiyo wamiliki wa televisheni binafsi wakaunda umoja wao, waongee kwa sauti moja. Ukiwa ndani, unabebwa. Ukiwa nje, pole. Nilipita Runzewe nikakuta chumba kilichokuwa kituo cha mwenzetu kinauza pumba za kuku. Siku hiyo nilirudi nyumbani nikashindwa kula.

Umoja ulikuwa haupokei mtu mmoja, ulipokea eneo zima. Sharti lilikuwa hili: vituo vya eneo viungane virushe kipindi kimoja, mubashara, vyote kwa pamoja, huku mwenyekiti anaangalia. Mkiweza, mmeingia. Mkishindwa, mkae foleni. Mimi foleni nisingeiweza, kituo kilikuwa kinapumulia mashine.

Sasa angalieni niliopewa kuungana nao. Wa Shinyanga alikuwa mwalimu mstaafu, na kila mtu anamwita Mwalimu, mtu wa kukurekebisha hata ukipiga chafya. Wa Geita tunamwita Bosi, zamani mnunuzi wa dhahabu, alianzisha televisheni siku aliyokasirishwa na televisheni ya mtu mwingine. Tulikuwa tunaibiana watu bila haya. Msomaji wangu wa habari alihamia kwa Bosi, akatoka huko akaenda kwa Mwalimu, kisha akarudi kwangu ananidai cheo. Fahali wawili hawakai zizi moja, na sisi tulikuwa watatu.

Tulikutana Kahama kupanga. Asubuhi nzima iliishia kwenye maiki. Bosi alitaka ivae nembo yake, Mwalimu yake, na mimi, sifichi, yangu. Tukaamua maiki iende uchi. Ikaja habari ya nembo kwenye skrini, nani akae juu, nani chini. Namshukuru aliyebuni skrini yenye pembe nne: tatu zetu, moja ya umoja. Hata hivyo Mwalimu alinung'unika kwamba pembe ya chini kushoto ni ya watoto watukutu.

Kamera ndiyo ilikuwa ngumu kuliko yote. Tulikubaliana iwe moja, maana tunajuana: kila mtu akija na yake, tutakanyagana mbele ya nchi. Tukapiga kura, ikaangukia yangu. Mwalimu akaapa kwa Biblia kwamba yake itabaki Shinyanga. Bosi akaapa kwa mama yake mzazi.

Kipindi chenyewe kilikuwa mashindano ya ngoma kule Kishapu, Mhunze, jirani na uwanja wa mnada. Kama hujawahi kuona ngoma ya Kisukuma ya kushindana, nikuambie: makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, huyu upande huu na yule upande ule. Hakuna jaji. Watu wenyewe ndio majaji. Anayekuvutia unamfuata, na jua likizama, mwenye watu wengi ndiye mshindi. Siku hiyo upande mmoja walikuwa wacheza majembe, upande wa pili wacheza chatu.

Mpiga picha wangu, baba mzima mwenye kitambi, akaweka kamera upande wa chatu kwa sababu jua lilikuwa mgongoni kwake. Tukaenda hewani. Picha safi! Vituo vyote vitatu vinaonyesha kitu kimoja. Moyo wangu ukatulia kabisa.

Haukutulia muda mrefu. Watu wakaanza kupigiwa simu na ndugu zao: "Tumekuona! Sogea mbele kidogo!" Mama mmoja aliyekuwa upande wa majembe akavuka. Wakavuka watano. Halafu ukavuka upande mzima, na vumbi lake, na muuza miwa na toroli lake. Wacheza majembe wakabaki wanawachezea mbuzi.

Kiongozi wao, ning'i kama tunavyomwita, akanyamazisha ngoma akaja kwangu na jembe begani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nani amekufanya wewe kuwa jaji?"

"Baba, mimi ni mtu wa televisheni tu."

"Hicho kidude chako kimehamisha watu wangu. Tangu nizaliwe sijashindwa na kidude."

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililonichoma. Nikaamuru kamera ihamie kwake. Lo! Uwanja mzima ukainuka ukaifuata, muuza miwa akiwa wa kwanza safari hii. Sijakaa sawa, ning'i wa upande wa pili huyo anakuja, na chatu wake shingoni. Nilimwamkia mzee, chatu sikumwamkia. Mpiga picha wangu alirudi nyuma mpaka akaishiwa na waya.

"Mwanangu," mzee akasema taratibu, "umenipa watu, umeninyang'anya watu. Sisi tunapumzika."

Wakakaa chini. Wa majembe walipoona wenzao wamekaa, nao wakakaa, maana kushinda waliokaa si kushinda. Ikawa sasa tunarusha mubashara, kwa vituo vitatu, wanaume wamekaa vumbini wanang'oa miiba miguuni.

Simu yangu ikalia. Mwenyekiti.

"Mama, mbona naona watu wamekaa?"

"Ni mapumziko, mheshimiwa. Mila."

"Yataisha lini? Wenye matangazo niko nao hapa."

Niliziona pumba za kuku ndani ya studio yangu, kwa macho haya haya. Nikawageukia wenzangu, na mdomo ukafunguka wenyewe. "Kamera moja, kamera moja! Ngoma mbili kwa kamera moja, hata mtoto angejua! Haya, nani atanipa nyingine hapa Mhunze, mbuzi?"

Mwalimu akakohoa. Akatazama viatu vyake, akatazama gari lake, akatazama tena viatu.

"Mwalimu, sema. Mficha uchi hazai."

Akaenda kwenye gari, akarudi amebeba kitu kimefungwa kwa blanketi kama kichanga. Kamera. Na mpiga picha wake akatokea nyuma ya mabanda ya mnada akijifuta mafuta ya chipsi mdomoni.

"Mwalimu!" Bosi akafoka, mkono kifuani. "Na Biblia ile? Aibu! Mtu mzima!"

Kisha akakohoa na yeye, akafungua buti ya gari lake. Ikatoka kamera kubwa kuliko zetu zote, na miguu yake mitatu, na maiki yenye nembo, tena mpya.

Nilitaka kuwazaba vibao. Nilitaka kuwabusu. Kwa kuwa hapakuwa na muda wa yote mawili, niliwatukana tu huku tunafunga waya. Ya Mwalimu ikaenda kwa majembe, ya Bosi ikaenda kwa chatu, yangu ikakaa katikati inaona kote. Nikawatuma vijana wetu watangaze kwa Kisukuma kwamba sasa popote utakaposimama utaonekana. Ngoma zikaamka. Watu wakagawanyika wanavyotaka wenyewe, mmoja kwa ufundi wa wachezaji, mwingine kwa shemeji yake anayecheza. Jua lilipozama wa majembe walishinda, na wa chatu wakasema wameibiwa, kama ilivyo kawaida kila mwaka.

Tukazima mitambo. Simu ikalia tena, nikaiweka spika ili wote wasikie, maana habari mbaya sikutaka kuisikia peke yangu.

"Mama, mmeingia," mwenyekiti akasema. "Wote watatu."

Nilikaa chini pale pale vumbini nikalia, na gauni langu jipya hivyo hivyo. Bosi alinipa leso yake. Mwalimu akatazama pembeni.

"Sehemu nyingine," mwenyekiti akaendelea, "mtu hakubali kamera ya mwenzake imguse. Ninyi mmeleta tatu, mkazifunga pamoja. Naomba mje Dar muwafundishe wenzenu. Niambie, mliwezaje kuaminiana kiasi hicho?"

Nikamtazama Mwalimu. Nikamtazama Bosi. Hakuna aliyenitazama.

"Mheshimiwa," nikasema, "sisi huku tunajuana vizuri sana."