Baba Hajawahi Kumaliza Mtumbwi

Harufu ya pamba iliyolowekwa kwenye mafuta ya mawese siipendi mpaka leo. Baba yangu alikuwa fundi wa mitumbwi pale Kirumba, na pamba hiyo ndiyo aliyoshindilia kati ya mbao ili maji yasipite. Wengine wakiinusa hukumbuka ziwa. Mimi nakumbuka usaili.

Ilikuwa miaka ya ruksa, watu binafsi waliporuhusiwa kufungua shule za Kiingereza mjini Mwanza. Moja ya Buzuruga ilitangaza kumsomesha bure mtoto mmoja wa wazazi wasio na uwezo. Baada ya mtihani wa kuandika tulibaki wawili, mimi na mvulana mmoja aliyevuta soksi nyeupe hadi magotini. Kila mmoja alipewa neno akaliandae: maana zake, asili yake, na mfano wa nyumbani kwake. Langu lilikuwa “achieve”.

Mjomba aliniazima kamusi nene ya mtumba. Nikakariri huku baba akipiga randa: kwanza, kufikia jambo ulilolihangaikia, pili, kulikamilisha kabisa. Asili yake Kifaransa cha kale, kufikisha jambo kichwani, maana kwao kichwa cha jambo ndio mwisho wake. Baba hakujua Kiingereza, ila alinidai nimtafsirie kila kitu. Hapo kwenye kichwa alisimamisha randa.

“Hao Wafaransa hawajui samaki anaanzia wapi,” alisema, akaendelea na kazi.

Siku yenyewe alivaa shati la kanisani, akaketi nyuma yangu. Mwalimu mkuu, mama mmoja mrefu asiyecheka, alinisikiliza nikimwaga maana na asili bila kukwama. Kisha akauliza, kwa Kiingereza, baba yangu fundi alikuwa amekamilisha mitumbwi mingapi.

Kwetu hakuna mtumbwi uliowahi kutajwa kuwa umekwisha. Babu alimfundisha baba kwamba fundi akitamka amemaliza chombo, amewamaliza na watakaokipanda. Kwa hiyo baba aliacha msumari mmoja, mwenye mtumbwi akaupigilia mwenyewe ufukweni, na baba alisema tu, “Nimeufikisha hapa.” Na asubuhi ile kaka yangu alikuwa ziwani, ndani ya mtumbwi wa baba.

Nililijua jibu lililotakiwa. Nikasema hakuna hata mmoja.

Mwalimu alivua miwani. Nadhani aliona sikulielewa neno nililotoka kulieleza. Nilitaka kufafanua, lakini Kiingereza changu kilikuwa kimeishia kwenye kamusi. Akamgeukia baba, kwa Kiswahili sasa.

“Mzee, binti yako anasema hujawahi kumaliza mtumbwi hata mmoja. Ni kweli?”

Nilitamani aseme “mingi”. Niliogopa pia asije akasema.

“Ni kweli, mwalimu,” alijibu baba. “Sijamaliza hata mmoja.”

Nafasi ilikwenda kwa yule wa soksi. Kaka alirudi jioni salama, akashangaa kunikuta nalia. Nilisoma shule ya serikali, na kwa miaka mingi nilimlaumu baba kimoyomoyo. Angesema neno moja tu ningepita.

Nilikuja kuelewa nilipokuwa na binti wangu mwenyewe. Baba hakujibu vile kwa kutoelewa. Nilikwisha kumtafsiria maana zote za neno lile, alijua mwalimu anataka kusikia nini, na alijua vizuri kwamba shule kama ile hangeweza kunilipia hata auze randa zake zote. Alikuwa na watoto wawili wa kuwalinda, mmoja ziwani na mmoja pale kitini, na jibu moja tu la kutoa. Angesema “mingi” angenipatia shule, akaniacha mwongo mbele ya yule mama, na kwa imani yake angekuwa amemmaliza kaka ziwani.

Njiani alitembea akitazama ziwani, mkono wangu ameubana mpaka nyumbani. Siku ile nilidhani ni hasira.