Kishikwambi Kijacho

Mwalimu wa darasa la nne hunywa chai kibandani kwangu kila saa nne, na kila siku ana habari za kishikwambi ambacho hakijatoka. Kijacho kitakuwa na kioo kipana kama sinia, anasema, herufi utazikuza ziwe kama maboga, na bei haitazidi laki nne. Wiki iliyopita ilikuwa laki tatu. Hiki alichopewa kazini hukisogeza mpaka pua inaacha doa kwenye kioo, kisha hulifuta kwa tai.

“Mwalimu, unakisoma au unakibusu?”

“Subiri kijacho, Gati. Hicho kitanisomea chenyewe.”

Kikombe hukitafuta kwa kupapasa meza. Jana mwalimu mkuu alikuwa amekaa hapa, akisema anayesahihisha madaftari ovyo atamwandikia barua ya kumwondoa. Mzee wangu wa kishikwambi akaingia kutoka juani, akasimama mbele yangu, akainama kidogo.

“Shikamoo, mama.”

Mimi, mdogo kwake, ndiye humwamkia kila siku. Mkuu akageuka kututazama.

“Marahaba, mwanangu,” nikaitikia, nikacheka kwa nguvu ili ionekane ni utani wetu. Mkuu naye akacheka. Mwalimu hakucheka. Alibaki amesimama, akisubiri nimwonyeshe benchi lilipo.