Mauti Ilipobaki Sufuriani

Asubuhi ile mke wangu, Mama Furaha, alishuka kijitoni kulowesha mihogo. Kwetu, kando ya njia ya Niemba, mihogo ni ya uchungu. Unaimenya, unaizamisha majini hadi ilegee, ndipo unaianika na kuitwanga unga wa bukari, ugali wetu. Ukiila mapema, inaua. Mtoto wa kwetu hujua hilo kabla hajajua kusali.

Tulikuwa tumesoma habari za Elisha: jinsi wanafunzi wake walivyopika matango ya porini yenye sumu, naye akatupa unga sufuriani, mauti ikaondoka. Neema, mjukuu tuliyemlea tangu binti yetu Furaha afariki, aliniuliza mimi babu yake, "Kambo, ule unga ulikuwa wa muhogo?" Tukacheka.

Kesho yake wenye bunduki waliingia kijijini. Majirani walikuwa wamekimbia. Sisi tulichelewa kwa sababu ya homa iliyompata mke wangu usiku ule. Watu wale hawakuwa wa kwetu. Walitoka mbali, kwenye mihogo mitamu.

"Chakula iko wapi?"

"Imekwisha, baba," nilijibu.

Mmoja akatoka kijitoni na mihogo ikichuruzika maji. "Na hii? Wachawi, munatuficha!"

"Ile ni ya uchungu," alisema mke wangu. "Imelala mu maji usiku moja tu. Itawaua."

Mkubwa wao alicheka. "Muhogo ya kuua! Kwetu tunaitafuna mbichi. Pika, mama. Kisha huyu mutoto atatubebea mizigo."

Akamshika Neema mkono. Wasichana waliobebeshwa mizigo hawakuwa wakirudi.

Nikaanza kusali kwa sauti.

"Papa wa kanisa, mwambie Mungu yako alete mana, tukuachie muhogo yako!" Mkubwa wao alinikejeli hivyo, wenzake wakacheka.

Mama Furaha alipika. Alipoipua alisema tena, "Wana wangu, musile."

"Basi onja wewe wa kwanza. Ukikataa, umetia sumu, na mutoto atalipa."

Ni desturi yetu sote: mwenyeji huonja mbele ya mgeni.

Nilimwomba Mungu wa Elisha.

Mama Furaha akala.

Walimtazama. Hakuanguka.

Wale wenye bunduki wakala wote, hadi sufuria ikabaki tupu.

Muhogo hauui papo hapo.

Jua lilipokuwa utosini walianza kutapika. Mkubwa wao alijaribu kusimama, magoti yakamkataa. Vidole vyake, vilivyokuwa bado vimemshika Neema, vikalegea. Neema akauchomoa mkono wake.

Tulishika njia ya Kalemie. Mke wangu alitembea huku ameniegemea, kisha akaketi majanini.

"Mupeleke mutoto," alisema.

Hakuinuka tena. Tulimzika hapo hapo, kwa jembe la wakimbizi wenzetu.

Kanisani kwetu Kalemie watu husema Bwana aliwapiga adui. Sisemi hivyo. Sijui wangapi waliamka, na wale vijana nao walikuwa na mama; mke wangu aliwaita wana wake, akawaambia kweli mara mbili. Nilimwomba Mungu aiondoe mauti sufuriani. Aliiacha humo, akamtoa Neema. Namshukuru kwa Neema kila asubuhi. Kwa lile lingine bado nangoja anifundishe.

Neema sasa ni mwanamke, anauza ndakala, dagaa wa ziwani, ufukweni. Akipika bukari huonja yeye kwanza, kama desturi. Tunatazamana, tukingoja kidogo.

Ndipo nasema amina.