Dikte ya Asubuhi Ile

Shuleni kwetu Kyeshero, mjini Goma, dikte, yaani imla, iliheshimiwa karibu kama misa. Mwalimu akisoma, haingii mtu wala hatoki. Hata mkurugenzi wa shule alisimama mlangoni mpaka wanafunzi waweke kalamu chini. Hata watoto watukutu waliijua adabu hiyo.

Ndiyo iliyomsimamisha mpiganaji mmoja asubuhi ile. Vita vilikuwa vimefika Munigi, nje kidogo ya mji, na wenzake walikuwa wanazunguka mashuleni wakichukua vijana wakubwa kuwapeleka vitani. Mimi, mwalimu wa darasa la sita, nilikuwa na wawili, ndugu kutoka milima ya Masisi, waliokimbia vita miaka mingi hadi wakafika darasani kwangu na ndevu. Yule mpiganaji akachungulia, akawaona. Alikuwa rika lao, na bila shaka naye alikuwa amekaa katika darasa kama letu, maana aliponikuta katikati ya sentensi, aliegemea mlango na bunduki yake, akangoja.

Somo lilihusu ng'ombe na maziwa, na ilibaki mistari michache tu. Nikajua nikimaliza ataingia. Basi sikumaliza. Nikaanza kutunga yangu: nikampoteza ng'ombe. Nikamtuma msichana amtafute, naye njiani akakuta kijiji kimechomwa. Nilitunga na kurudia kila sentensi polepole, kama tunavyofanya siku zote. Wanafunzi walielewa. Hakuna aliyeinua kichwa. Daftari zilipojaa wakaandika pembeni, kisha kwenye majalada.

Mara nikakwama, neno limenitoroka.

"Madamu, endelea," akasema yule wa mlangoni.

Nikamchukia kwa moyo wangu wote, nikaendelea. Nikamfikisha msichana kwenye mto uliofurika, wanaume wenye silaha wakimfuata nyuma.

Filimbi ikalia barabarani. Mkubwa wao alikuwa anawaita. Kijana akaikamata bunduki, akawatazama wale ndugu wawili, kisha mimi.

"Huyu mutoto atavuka?"

"Atavuka."

"Usimuuwe, Madamu."

Akaenda zake peke yake. Nikakaa sakafuni nikalia mbele ya darasa zima, bila aibu.

Riwaya yangu ya kwanza niliitoa kwenye daftari zile. Nimeandika nyingine tangu hapo, zote za vijana, na wasomi hawaachi kunisuta: watoto wako hawafi, maisha si hivyo. Wanifundishe maisha, mimi niliyezeekea Goma! Nilitoa ahadi, naitimiza. Yule niliyemwahidi, hadi leo sijui kama yu hai.