Jina la Kanga ya Salimu

Nilikwenda Guangzhou kwa ajili ya maneno matatu. Mwanafunzi wangu wa zamani, Salimu, ni beki katika ligi kuu ya Ubelgiji, na mwezi Machi mechi thelathini zilipokwisha, timu yake ilikuwa inaongoza kwa pointi kumi. Mama yake, Bi Mwanaisha, alikuja dukani kwangu Tanga, ninakouza vitambaa tangu nistaafu ualimu. Kwa kuwa nilikuwa nasafiri kufuata mzigo, akaniagiza nichapishe kanga yenye jina hili: MWANANGU BINGWA KARIBU.

Niwaeleze uzito wa maneno hayo. Baba yake Salimu alifariki miaka mitatu iliyopita, na kijana hakuja mazikoni wala kwenye arobaini kwa sababu ya mechi. Aibu ikamkaa. Akamwambia mama yake kwamba harudi mikono mitupu. Atarudi na ubingwa. Misimu ikapita. Bi Mwanaisha sasa anaona kwa jicho moja, nalo kwa shida.

Siku ya kwanza nilifikia hoteli ya bei nafuu mtaa wa Xiaobei. Machi ya kule ina unyevu wa ajabu: kuta zinatoka jasho, na shati ulilofua jana bado unaweza kulikamua.

Siku ya pili, kwenye soko la Zhongda, nilimpata mfanyabiashara wa vitambaa, mama wa makamo ambaye kila mnunuzi humwita laoban, yaani bosi. Alichora pindo, mji wa katikati na jina la kanga vizuri kabisa. Kisha akanisemesha kupitia simu yake inayotafsiri: "Kesho saa tano tunachonga skrini za kuchapia. Zikishachongwa, hakuna kubadilisha."

Jioni nilikwenda kula kwa Mama Odette, Mkongo mwenye mgahawa nyuma ya barabara ya Huanshi Zhonglu. Kabla ya kuja China aliishi Ubelgiji miaka mingi. Nikamwonyesha mchoro kwa majivuno. Akacheka, kisha akaacha.

"Mwalimu, bingwa gani? Ligi haiishe bado!"

"Mechi thelathini zimekwisha, Mama. Tunaongoza kwa kumi."

"Voilà! Kule wanakata. Timu sita za juu, pointi nusu, halafu wanacheza tena mechi kumi. Kumi yenu ni tano sasa." Akanirudishia karatasi. "Nyinyi watu wa pwani munavaa nguo za arusi na bibi arusi hajakubali."

Msione haya kama hamkujua. Mimi nilifundisha hesabu miaka thelathini na sikujua. Chukua mwanafunzi mwenye alama themanini na mwenzake mwenye sabini. Mwalimu anazigawa kwa mbili, wanabaki na arobaini na thelathini na tano, kisha anawapa mtihani mwingine. Aliyetangulia bado ametangulia, ila anaweza kufikiwa.

Siku ya tatu, saa nne na nusu asubuhi, nilipiga simu nikiwa nimesimama mbele ya laoban. Tanga ilikuwa saa kumi na moja na nusu alfajiri. Bi Mwanaisha ndiyo kwanza ametoka kuswali. Nikamweleza polepole.

"Kwani amekosa nini mpaka wamkate?"

"Hajakosa kitu. Wanakatwa wote, ndio utaratibu wao."

"Kwa hiyo anaweza asije."

"Anaweza, Bi Mwanaisha."

Laoban akatazama saa ya ukutani. Nikamwomba kwa mkono asubiri.

"Mwalimu, futa hilo neno bingwa."

"Niandike nini?"

"Andika: Mwanangu njoo tu. Na ukishaiona imechapwa, mpelekee picha siku hiyo hiyo. Usingoje wamalize kucheza."

Siku ya tisa nikampelekea Salimu picha. Aliiona, hakujibu. Doti ya kwanza niliiweka kwenye mkoba wa mkononi, na ndani ya ndege niliifungua mara mbili kuitazama. Nilikuwa nimesafiri kote huko nikihesabu pointi za kijana, na sikuwahi kumwambia neno ambalo mama yake alilipata mara moja. Kama una mtu wako mbali anayesubiri kufanikiwa ndipo arudi, mwambie leo.

Nyumbani, Bi Mwanaisha alipokea doti lakini hakukubali ikatwe. Ikakaa kabatini, pande zote mbili zimeungana kama ilivyotoka kiwandani.

Mwezi Mei, siku ya mwisho ya ligi, timu ya Salimu ilikosa ubingwa kwa pointi moja. Simu yake ikazimwa. Mtaani hatukuulizana.

Mwezi Juni, Ijumaa moja, alishuka kwenye teksi na begi moja. Alikwenda kwanza kwenye kaburi la baba yake, peke yake, ndipo akaja kusimama mlangoni kwa mama yake, mimi nikiwa ndani.

"Nimerudi mikono mitupu, Mama."

Bi Mwanaisha alikuwa ameshaitoa doti kabatini. Akapapasa zile herufi kwa kidole mpaka mwisho, akanyoosha mkono nimpe mkasi.

"Basi shika huku," alimwambia, akimwekea pindo mkononi, "nikate."