Mume Wangu Ananipeleka Kuona Magofu ya Wamaya, Ila Sioni Dalili ya Kurudi

Admin, naomba unifichie jina, maana ndugu wa mume wangu wamo humu kwenye peji. Mimi ni mwalimu wa historia, nina miaka thelathini na mitatu. Naishi Same mjini na mume wangu, dereva wa magari ya watalii, pamoja na binti yetu wa miaka mitano.

Tangu nikiwa mwanafunzi natamani kuiona miji ya kale ya Wamaya, yale mahekalu ya mawe yaliyomezwa na msitu kule Guatemala, Amerika ya Kati. Mume wangu alikuwa akinicheka. "Mawe tu hayo, mbona hapa Same yamejaa?" Mwaka huu akarudi kutoka safari zake akaniambia, "Mke wangu, jiandae. Likizo ijayo nakupeleka Guatemala, wiki mbili." Nililia kwa furaha jamani. Nilipouliza nauli inatoka wapi, akasema ameuza kile kiwanja tulichopanga kujenga. Iliniuma, ila kwa raha niliyokuwa nayo nikanyamaza.

Nikaanza kupanga safari. Kila jioni niko kwenye simu nasoma habari za mvua za huko, buti za kutembelea msituni, chanjo ya homa ya manjano. Nikimwita tuchague hekalu la kuanzia, ananijibu, "Chagua tu wewe." Hajui jina hata la gofu moja. Lakini kuna mtu wa huko, anasema ndiye mwenyeji atakayetupokea, anawasiliana naye kila mara, na akipigiwa anatoka nje kuongea.

Juzijuzi nikamkuta anajaribu koti zito la mtumba, la baridi kali kabisa. Na mimi alikuwa ameninunulia la kwangu.

"Si huko ni joto kama kwenu Kihurio? Makoti ya nini?"

"Usiku msituni kuna baridi," akasema, hata hakuniangalia.

Hapo moyo ukashtuka. Nikamkumbuka binamu yake, aliyeaga kwamba anakwenda kutembea nchi hizohizo. Leo yuko Marekani, alivuka mipaka kwa miguu, na mkewe yupo hapahapa Same, hajui atamwona lini tena.

Jumamosi nikampeleka mtoto Kihurio kwa mama mkwe, ndiye atakayebaki naye. Nilimkuta anapepeta mchele. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia marahaba, akampakata mjukuu wake, akasema kwa upole, "Mwanangu, nenda na amani. Huyu nitamlea mpaka amalize shule."

Nikamuuliza, "Mama, si tunakwenda wiki mbili tu?"

Akashtuka, akaushika ungo wake. "Aa, mimi mzee, nimechanganya maneno." Baada ya hapo hakuniangalia tena usoni. Nikamchukua mwanangu nikarudi naye Same.

Jana nilimkabili mume wangu mtoto akiwa amelala. Nikamwambia, "Niambie ukweli. Tukishaona hayo magofu, tutarudi?"

Akacheka kidogo. "Kwani kurudi kuna haraka gani? Mbona hujafika unawaza kurudi?"

"Na mtoto?"

"Mtoto atatufuata."

Ndugu zangu, sikulala. Kinachoniuma zaidi ni kwamba ametumia ndoto yangu mwenyewe kunichukua. Angeniambia wazi kwamba amechoka na maisha ya hapa, tungekaa tukazungumza kama mke na mume. Leo asubuhi ameniambia kwamba nisipokwenda, yeye anakwenda, kwa kuwa tiketi zimeshakatwa. Nikikataa, huenda ndiyo namuaga moja kwa moja, na kiwanja hatuna. Nikikubali, namwacha mwanangu wa miaka mitano na bibi anayejua kitu ambacho mimi mama yake nimefichwa.

Kila akiniona na simu ananiuliza, "Umeshachagua hekalu?" anatabasamu kama hakuna kitu. Nami najibu bado.

Wenzangu mliopitia mambo ya ndoa, nisaidieni mawazo. Ungekuwa wewe, ungepanda hiyo ndege?