Mi Njo Nilikuwa Mugonjwa wa Examen ya Bibi Yangu

Bibi yangu iko muganga. Si wa miti, wa sindano. Ameshatoboa matako ya muji yote ya Baraka na nusu ya Ubwari kule ziwani. Kama tungepanga batoto benye amezalisha, mumoja nyuma ya mwingine, mustari ungetoka hapa ku soko mpaka Fizi kule juu, na wa mwisho angekuwa angali mu tumbo ya mama yake anangojea zamu.

Njo maana siku moja alipotoka ku kazi akaniambia, «Baba batoto, narudia masomo,» mi nilicheka mpaka samaki ikaniangukia mu moto.

«Masomo gani? We si unajua yote?»

«Ya licence.»

Akakaa, akavua viatu, akanielezea. Miaka mingi yeye njo anaongoza centre de santé yetu, hospitali ndogo ya hapa. Sasa bakubwa ba afya bamemuambia kama mutu wa kuongoza fasi kama ile anapaswa kuwa na diplome ya licence, ile ya université, na yake iko ya chini. Kama haipate, ataachia mwingine funguo. Na huyo mwingine alishafika, kijana wa adabu, mashati yake inanukia sabuni, lakini hajazalisha mwanamuke mu mvua juu ya pikipiki.

«Si cheo,» alisema. «Bamama benye banashuka kutoka Lubondja kule milimani bameshanizoea. Bananiambia mambo yenye hata mabwana zao hawayajui. Bataanza tena na nani?»

Basi akaanza. Kutoka siku ya kwanza mpaka ya ine, kazi. Ya tano, ya sita na siku ya Mungu, masomo. Darasa yao yote ilikuwa bamama kama yeye, baganga ba miaka mingi, miwani ku pua, madaftari mu kitenge. Na professeur? Mutoto wa juzi. Bibi yangu njo alimuzalisha, wakati yeye mwenyewe alikuwa anaanza kazi, na njo yeye alimupiga kofi ya kwanza ya maisha yake ili alie. Sasa huyo njo anasimama mbele anamuambia, «Madame, ufunge daftari.»

Nilimuuliza, «Hukumukumbusha ile kofi?»

«Nimukumbushe ya nini? Kule yeye njo mukubwa.»

Mi sikusoma. Nilikanyaga mulango ya masomo mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nakimbia mvua. Kazi yangu ni kuziba mitumbwi yenye inavuja. Lakini ile mwaka nilisoma kuliko professeur. Mangaribi yote bibi yangu alikuwa anaosha masahani na kunielezea somo yake mu Kiswahili. Alisema, «Kama we umesikia, njo mi nimesikia.» Nikajua kama moyo iko na vyumba ine. Kesho yake nikaenda kuambia bafundi benzangu kule pwani kama moyo ya kila mutu iko nyumba kubwa kuliko yangu, yangu iko na vyumba mbili.

Sasa sikia vile bibi yangu anafanyaka kazi. Hapa kwetu, mutu akienda kwa muganga, anaongeza. Anaogopa kama akisema kichwa tu, batamurudisha na vidonge mbili bila sindano. Basi anasema kichwa, mugongo, magoti, na moto mu mifupa. Bibi yangu anamuacha aseme yote, haandike kitu. Kisha anasimama, anamugeuzia mugongo, ananawa mikono mu beseni pole pole, na anauliza tena kama mutu mwenye alisahau: «Ulisema inakuuma wapi?» Mugonjwa anaangalia ule mugongo, hana wa kumuigizia. Jibu ya pili njo anaandika.

Ikafika examen ya kazi ya mikono. Ile sanamu ya plastiki yenye banajifunzia ilikuwa imebakia na mukono moja, na ule mukono ulishatobolewa mpaka ukitia maji, unaweza kumwangilia shamba ya mihogo. Bakaambia kila mwanafunzi alete mutu wake. Bibi yangu alikuwa amechagua mudogo wake. Asubuyi ya examen ule mudogo akaenda kilio kule Makobola. Nikabakia mi.

Tukiwa njiani akaniambia, «Batakusomea karatasi. Uko na homa siku mbili na unatapika. Ni hiyo tu. Usiongeze.»

«Mi niongeze? Lini uliniona naongeza?»

Aliniangalia hatua kama kumi.

Professeur akanisomea karatasi, nikapanda kitanda. Benzake bibi yangu bote balikuwa bamesimama ku ukuta. Yeye akaingia na blouse nyeupe, akanisalimia kama hanijui.

«Jambo baba. Habari ya nyumbani?»

«Nyumbani ni muzuri, bibi tu njo mukali.»

Bamama bakacheka. Hapo njo niliharibika. Nilisema homa, nikasema kutapika, lakini niliona macho yote inaningojea. Nikaongeza. Nikasema kichwa inagonga kama moteri ya boti, masikio inalia, asubuyi nyota zinaogelea mu macho, hata siku moja niliangukia ndani ya mutumbwi wa mutu, na ule mutumbwi njo uliomba musamaha.

Professeur akatikisa karatasi. «Baba, hiyo haiko hapa.»

«Unisamehe, professeur. Ugonjwa umeninogea.»

Bote bakacheka, ila bibi yangu. Alisimama, akaenda ku beseni, akanigeuzia mugongo. Akaanza kunawa.

«Ulisema kichwa inagonga tangu lini?»

Niliangalia ile mugongo, blouse yenye mi mwenyewe nilipiga pasi asubuyi.

«Tangu mwezi wa tatu,» nikasema. Na nilisikia kinywa yangu ikisema, kama si yangu.

«Na nyota?»

«Nikiinama kuziba mutumbwi.»

«Sababu gani hukusema?»

«Ulikuwa na masomo.»

Maji ikaendelea kidogo, kisha ikanyamaza. Akachukua mashini ya tension, ile ya kupima presha ya damu, akanifunga mukono, akapiga pompe, akaangalia. Akafungua, akafunga mukono ya pili. Professeur akasogea.

«Madame, ku karatasi tension yake iko kawaida. Andika ile, endelea na homa. Muda unaisha.»

«Ya karatasi iko kawaida, professeur. Ya huyu baba imepita makumi mbili, na mwisho ni kumi na ine.»

«Lakini hii ni examen.»

«Najua.»

Akaweka bic yake ya kuandikia ku meza. Akanishika mukono, tukatoka, tukaenda pole pole mpaka hospitali. Nilitaka kumuambia arudi ku examen, nikasema tu, «Funguo yako…»

«Nyamaza. Inapanda.»

Nikanyamaza njia yote. Batu ba Baraka benye balituona balifikiri nimefiwa.

Ile examen hakuimaliza, bakamuandikia zero, bakamutuma ku session ya pili. Hakunikasirikia juu ya zero. Alinikasirikia juu ya mwezi wa tatu. «Bamama ba milima yote bananiambia siri zao,» alisema, «na we mwenye tunalala kitanda moja unanificha.» Maisha yangu yote nimemulalamikia vichwa mia, mifupa elfu, na yeye anacheka. Siku kichwa ya kweli ilipokuja, nilikuwa na fasi muzuri ya kuificha, katikati ya zile zingine. Nilizania namusaidia asome. Kumbe angesoma namna gani akinikuta nimeanguka?

Session ya pili alileta mudogo wake, mwanamuke wa kusema maneno mbili kwa mwaka. Mi balinikataza kuingia, nikakaa inje. Professeur akapita, akasimama.

«Baba, dawa unakunywa?»

«Kila asubuyi, professeur.»

«Ile siku, mi njo nilipaswa kusimamisha examen,» akasema, akaingia. Na ile hadithi ya kofi ilikuwa tayari mu ulimi yangu. Niliimeza. Ilipita kama mufupa ya samaki, lakini ilipita.

Sasa kila asubuyi, mbele ya kwenda ku centre, bibi yangu ananifunga mukono na ile mashini. Akiinama, funguo ya centre, yenye angali anavaa mu shingo, inanigusa ku kiwiko, iko baridi. Ananiuliza nililala namna gani. Namuambia niliota nimevua samaki mukubwa kama Ubwari, nikamukaanga na mafuta ya ziwa nzima. Anacheka, haandike kitu. Kisha anasimama, anaenda ku beseni, ananigeuzia mugongo, na mi nangojea aulize tena.